Vazi la Stara Katika Viwanja vya Michezo vya Shule

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akampa akili ya kupambanua na haya ya kumhifadhi. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, aali zake, masahaba zake, na wote wanaoufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, pamoja na kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, maana amefaulu mwenye kumcha, na amekhasiri mwenye kughafilika.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na mashuleni! Leo tutazungumza jambo lililozigusa nyumba zetu hapa Karagwe na Kyerwa. Nalo ni hali ya mabinti zetu wanaopenda kucheza pamoja na wenzao shuleni, huku wamejisitiri kama dini yao inavyowaamrisha.

Mzee mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri, ameongozana na binti yake wa darasa la sita. Binti huyo ni mfungaji katika timu ya mpira wa pete, ambao wengine huuita netiboli. Siku ya mashindano ya kata alikwenda uwanjani amevaa suruali ndefu chini ya sketi yake ya michezo, fulana ya mikono mirefu, na mtandio kichwani. Msimamizi mmoja akamwambia kwamba hiyo si sare, achague: avue acheze, au akae. Binti hakuvua. Alitoka katika mstari, akaketi chini ya mti akiwashikia wenzake masweta mpaka mchezo ukamalizika.

Baba yake akaniambia, "Sheikh, nimeazimia kumtoa katika michezo, na pengine hata katika shule ile. Unanishauri nini?" Kabla sijamjibu, yule mtoto akainua uso akaniuliza, "Sheikh, nikivua kwa saa moja tu, halafu nikavaa tena, Mwenyezi Mungu atanighadhibikia?"

Ndugu zangu, mtoto wa miaka kumi na miwili hakupaswa kubebeshwa swali hilo. Tumembebesha sisi watu wazima: sisi wazazi, sisi masheikh, na sisi tunaosimamia viwanja. Ndiyo maana nimeona niliweke jambo hili mbele yenu leo, tulitazame kwa utulivu, kwa elimu na kwa uadilifu.

Tuanze na michezo yenyewe. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba mchezo ni upuuzi, na kwamba msichana wa Kiislamu hana shughuli na uwanja. Kauli hiyo haina msingi imara. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa katika kila mmoja wao mna kheri. Wala hakuwahusu wanaume peke yao. Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alishindana mbio na Mtume katika safari, akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa mzito, wakashindana tena, Mtume akamshinda, naye akamtania kwamba ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza. Na siku ya Uhudi, wanaume wengi walipotawanyika, miongoni mwa waliosimama kumkinga Mtume alikuwamo Nusayba binti Kaab, Ummu Umara, mwanamke wa Madina. Mwili usiozoezwa usingaliweza kusimama mahali pale.

Basi hatuna hoja ya kuwafungia mabinti ndani kwa jina la dini. Afya ni amana. Mtoto anayekimbia akapumua vizuri hulala vizuri, na asubuhi huamka na akili nyepesi ya kupokea masomo. Isitoshe, michezo ya shule ina mlango wake. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, UMISSETA, huanzia chini shuleni na katika kata, yakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Mtoto wa Nkwenda au wa Nyaishozi aliyejaliwa kipaji aweza kwenda Bukoba akakutana na wenzake wa mkoa mzima, na akatoka hapo akaiona Tanzania. Mwenye kumwondoa mstarini kwa sababu ya mtandio hakumnyima mchezo mmoja tu; ameufunga mlango huo wote.

Sasa tuje katika vazi. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul Aaraf, aya ya 26, kwamba ametuteremshia wanadamu nguo za kusitiri tupu zetu na za kujipamba, na kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora. Katika Suratun Nur, aya ya 31, amewaamrisha waumini wanawake wainamishe macho, wazihifadhi tupu zao, na washushe shungi zao mpaka vifuani. Amri hiyo humlazimu msichana anapobaleghe, na wengi hubaleghe wangali katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mzazi mwenye hekima humzoeza mtoto kabla ya hapo, kama anavyomzoeza sala.

Lakini tazameni aya iliyotangulia hiyo, yaani aya ya 30. Mwenyezi Mungu ameanza na wanaume! Ameanza kuwaamrisha wao wainamishe macho yao. Basi ni ajabu kwamba tunapozungumza stara tunamtazama binti peke yake. Vijana wetu wa kiume huingia uwanjani na bukta zinazoacha mapaja wazi, nasi tunapiga makofi, hali wanavyuoni wengi wamesema kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti. Na wapo wanaokwenda viwanjani kuangalia miili ya watoto wa watu, si mpira. Stara ni ya pande zote mbili. Mwenye kuisimamia kwa binti yake akaisahau kwa mwanawe amekwisha kuipunguza nusu.

Enyi Waislamu! Je, amri ya stara na kheri ya michezo zinapingana? Hazipingani. Atakayesema kwamba suruali na kilemba cha kichwani haviwezi kuingia uwanjani, na amtazame mlinda mlango wa mpira wa miguu. Sheria za mchezo huo zinamruhusu kuvaa suruali ndefu ya michezo, na kofia pia jua linapompiga machoni. Hakuna anayesema ameiharibu sare ya timu. Ikiwa kofia ya kukinga jua inakubalika, kwa nini kitambaa cha kutii amri ya Mola kiwe tatizo?

Jambo hili dunia imelijadili kwa miaka mingi. Mwezi Juni 2011, timu ya wanawake ya Iran ilikuwa Amman, mji mkuu wa Jordan, kwa ajili ya mchezo wa kuwania nafasi ya Olimpiki. Ilizuiliwa kucheza kwa sababu ya vazi la kichwani. Wakati huo Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia, FIFA, lilitaja usalama, kwamba kitambaa chaweza kumkaba mchezaji shingoni. Watu waliokuwa na hoja hawakurusha mawe. Waliketi, wakatengeneza kitambaa kisichokaba, wakaomba kijaribiwe. Mwaka 2012 majaribio yakaruhusiwa, na mwezi Machi 2014, mjini Zurich, bodi inayotunga sheria za mpira ikaidhinisha rasmi vifuniko vya kichwa. Katika mpira wa kikapu, timu ya wanawake ya Qatar ilijitoa katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea ya Kusini, mwaka 2014, baada ya kutakiwa ivue hijabu. Miaka mitatu baadaye shirikisho la dunia la mchezo huo likabadili kanuni yake, na ruhusa ikaanza Oktoba 2017. Na tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Australia, Nouhaila Benzina wa Morocco aliingia uwanjani katika Kombe la Dunia la Wanawake akiwa amevaa hijabu, wa kwanza kufanya hivyo katika historia ya mashindano hayo. Timu yake ikaishinda Korea ya Kusini bao moja kwa sifuri.

Basi iwapo Kombe la Dunia limemkubali mwanamke aliyejisitiri, uwanja wa shule ya kata katika wilaya zetu una udhuru gani?

Na nchi yetu haikuacha jambo hili bila ya mwongozo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi na kuitaja dini miongoni mwa mambo ambayo mtu hatabaguliwa kwayo. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mtu katika imani na dini yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya dini. Na hijabu katika sare za darasani ni jambo lililozoeleka katika shule zetu za serikali kwa miaka mingi. Msichana anayeruhusiwa kujisitiri saa ya hesabu hawi mtu mwingine inapofika saa ya michezo.

Wala Uislamu si mgeni wa jana katika nchi hii. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka pwani walikuwa na makao yao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, njia ya kanzu na kilemba ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Karagwe ilijulikana kwa ukarimu kwa wageni wa kila mavazi. Itakuwa aibu kwetu iwe finyu leo kwa watoto wake yenyewe.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu na semeni kauli iliyo sawa.

Tumekwisha kuona kwamba haki ipo. Lakini haki isiyofuatiliwa kwa adabu hupotea, na inayodaiwa kwa hasira huharibika. Baada ya yule mzee kunieleza shida yake, niliongozana naye kwenda kumwona mwalimu wa michezo. Tulimkuta ni mtu muungwana. Alituambia, "Mimi sina neno na mtandio wa mtoto. Naogopa timu pinzani ikate rufaa, tupokonywe pointi, wanafunzi wanilaumu." Tukamwomba atuonyeshe kifungu kinachokataza. Hakukuwa na kifungu. Kulikuwa na mazoea tu, na hofu.

Zingatieni hilo, ndugu zangu. Si kila anayemzuia binti yako ni adui wa dini yako. Mwingine anazuia kwa kutojua, mwingine kwa woga, na mwingine kwa chuki hasa. Kila mmoja ana dawa yake. Asiyejua huelimishwa, mwoga hupewa barua ya kumlinda, na mwenye chuki hupelekwa mbele ya wakubwa wake kwa njia ya sheria. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitupelekee kuacha uadilifu. Jirani zetu wengi hapa ni Wakristo. Tunachota maji pamoja, tunazikana, watoto wetu wanakaa dawati moja. Watawa wa kike wa Kanisa Katoliki wanapita barabarani wamefunika vichwa, nasi tunawaheshimu kwa ucha Mungu wao. Nendeni kwao na kwa walimu kwa lugha hiyo hiyo: heshima ile mnayoiona kwa mtawa, ndiyo tunayoiomba kwa binti yetu.

Na msingoje mpaka mambo yafike mahakamani. Mjini Isiolo, Kenya, ubishi juu ya hijabu na suruali nyeupe katika shule moja ya sekondari uliingia mahakamani. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wasichana wa Kiislamu, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Zaidi ya miaka miwili ilipita baina ya hukumu moja na nyingine. Mwanafunzi aliyekuwa kidato cha tatu hukumu ya kwanza ilipotolewa, alikuwa amekwisha kuondoka shuleni ya pili ilipotoka. Mahakama ni haki ya raia, lakini utoto haungoji kesi. Kikao cha saa moja baina ya mzazi na mwalimu mkuu, kabla ya msimu wa mashindano, chaweza kufanya kazi ambayo miaka ya kesi haikuifanya.

Basi nakuusieni mambo haya.

Kwanza, enyi akina mama na mafundi cherehani, shoneni vazi linalofaa. Mtandio wa kawaida wenye pini na ncha zinazoning'inia haufai uwanjani, maana pini humchoma mchezaji na ncha huvutwa. Sheria za mpira wa miguu zinataka kifuniko cha kichwa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya fulana, kisishikanishwe na fulana, kisiwe na sehemu zinazotokeza nje, wala kisiwe cha hatari kwa mvaaji au kwa mwingine. Na wachezaji wa timu moja wanaojifunika wavae rangi moja. Hayo yote yanawezekana kwa kitambaa chepesi chenye kuvutika, kilichoshonwa kikavaliwa kwa kupitisha kichwa. Suruali iwe pana isiyochora mwili, fulana iwe ya mikono mirefu, na rangi zifuate sare ya shule. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, nchini Kenya, katikati ya miaka ya 2000, wasichana wa Kisomali waliokuwa wakicheza mpira wa wavu walishirikishwa wenyewe kubuni vazi la michezo lenye stara, ili lisiwazuie kuruka na kukimbia. Walichoweza kukifanya wakimbizi jangwani hakitushindi sisi wenye kahawa na migomba. Mkiuza kahawa msimu huu, litengeni fungu dogo la kitambaa hicho.

Pili, enyi akina baba, nendeni shuleni mapema. Msingoje asubuhi ya mashindano, wakati mwalimu ana filimbi mdomoni na gari limekwisha kujaa watoto. Hudhurieni vikao vya wazazi. Ombeni jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Na mkiona hapana budi, mwandikieni afisa elimu wa wilaya, Kayanga kwa watu wa Karagwe, na halmashauri ya Kyerwa kwa watu wa Kyerwa, mkiomba waamuzi na wasimamizi wote waarifiwe kwa maandishi kabla ya michezo ya kata. Barua moja yenye muhuri humwondolea hofu mwalimu mwema, na humfunga mdomo mwenye nia mbaya.

Tatu, enyi walimu na waandalizi wa michezo, Waislamu kwa wasio Waislamu! Mtoto aliye mbele yenu ni amana. Mkiona vazi lake lina hatari, mwambieni alirekebishe, nasi tutakushukuruni. Lakini msimwambie achague baina ya Mola wake na wenzake. Na jihadharini na dua ya mwenye kudhulumiwa, maana Mtume (S.A.W.) alimuusia Muadh bin Jabal alipomtuma Yemen kwamba baina ya dua hiyo na Mwenyezi Mungu hakuna pazia.

Nne, enyi wanafunzi wa kike, lishikeni vazi lenu bila ya kiburi. Msimdharau mwenzenu Mwislamu asiyejifunika, wala mwenzenu wa dini nyingine. Fikeni mazoezini kwa wakati, mtiini mwalimu katika yaliyo mema, na chezeni kwa bidii. Mchezaji mvivu mwenye hijabu huwapa watu sababu ya kusema kwamba hijabu imemzuia. Nanyi wanafunzi wa kiume, mwenzenu anapotolewa mstarini msicheke. Semeni kwa adabu, "Mwalimu, huyu ni mwenzetu, tunaomba acheze." Huenda neno lenu likafika mahali ambapo barua ya mzazi haikufika.

Ndugu Waislamu, mtaniuliza nilimjibu nini yule binti. Nilimwambia, "Mwanangu, wewe umekwisha kujibu swali lako pale ulipoketi chini ya mti. Mwenyezi Mungu ameona. Lililobaki si la kwako, ni letu sisi wakubwa." Nikamwambia baba yake asimtoe shuleni wala katika michezo, maana kumtoa ni kuikamilisha dhuluma kwa mkono wa mzazi. Mama yake amekwisha kushona suruali na kifuniko cha kichwa, rangi ya sare ya shule. Mashindano yatakuja tena. Yaliyo juu yake ameyatimiza, na yaliyo juu yetu yatungoja.

Ewe Mola wetu, tunakuomba uwahifadhi watoto wetu wa kiume na wa kike katika dini yao, afya zao na masomo yao. Uwape wazazi subira na hekima. Uzilainishe nyoyo za walimu na viongozi, uwaongoze katika uadilifu, na uijaalie nchi yetu amani na mapatano baina ya watu wake. Utughufirie sisi, wazazi wetu, na waumini wote, walio hai na waliotangulia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mola wenu anaamrisha uadilifu na wema, na anakataza uovu na dhuluma. Mkumbukeni naye atakukumbukeni, mshukuruni naye atakuzidishieni. Simamisheni sala.